Trekta Nililomchagulia Mama Mkwe

Siku trekta langu liliposhushwa kutoka kwenye lori, mama mkwe wangu alitoweka.

Nasema alitoweka, sisemi alitoka. Huyu ni mama ambaye kutoka kitandani hadi mlangoni anashika ukuta, anapumzika, anaulaumu ukuta, ndipo anaendelea. Nyonga yake ina chuma ndani. Fimbo yake ilikuwa palepale nyuma ya mlango, shuka limetandikwa, kikombe cha chai kimeoshwa na kufunikwa.

Mama hayupo.

Mke wangu naye hayupo.

Mimi niko uani na trekta jipya linanguruma, nimevaa ovaroli niliyoinunua maalumu kwa siku hiyo, na sina hata mtu mmoja wa kumwonyesha.

Tulieni niwaeleze. Na tafadhali someni mpaka mwisho, maana nawajua watu wa mtandaoni, mnaanza kumcheka mtu kabla hajamaliza sentensi.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nimefundisha watu waliokuwa wanaogopa kengele ya baiskeli, na leo wanaendesha malori. Kwa hiyo kwenye ukoo wa mke wangu, kitu chochote chenye injini huletwa kwangu. Hata jokofu likigoma wananipigia simu mimi. Na mimi sijawahi kusema sijui.

Baba mkwe alikuwa na kijisitu nyuma ya nyumba, ekari mbili hivi. Miti yote aliipanda kwa mikono yake, na aliipanda karibukaribu, kama watu waliojibana kwenye picha ya harusi. Alipofariki alizikwa humohumo, mwisho kabisa, karibu na kijito. Ndivyo alivyotaka.

Siku ya mazishi mama mkwe alikuwa hospitalini. Alikuwa ameanguka bafuni siku chache kabla, akavunjika nyonga. Watoto walimzika baba yao huku mama yao amelazwa, anatazama dari.

Hakumwona mumewe akishushwa. Hakuwahi kuliona kaburi.

Aliporuhusiwa, mimi na mke wangu tulihamia kwake ili tumtunze. Kaburi lilikuwa hapo nyuma tu. Lakini tangu mzee aanze kuugua, hakuna aliyefyeka, na kichaka kilikuwa kimejaa mpaka kwenye uzio. Kwa miguu yake, ni sawa na kumwambia avuke mlima.

Ombi lake lilikuwa moja. Alilitoa kwenye kikao cha familia, mashemeji zangu wote wamejaa sebuleni.

"Nataka nikakae na baba yenu kidogo kabla mvua hazijaanza," alisema. "Zikianza, kule chini kijito kinafurika, hata nyinyi hamtafika. Na za mwakani sijui kama zitanikuta."

Shemeji mkubwa akavitazama viatu vyake. Shemeji mdogo akapokea simu ambayo haikuita.

Mimi nikasimama.

Jamani, kuna ugonjwa wa kusimama kwenye vikao. Mimi ninao.

"Mama," nikasema, "mimi mkweo nitakufikisha. Nitanunua trekta dogo. Litafyeka njia, litavuta tela, na wewe utakaa kwenye tela, juu ya kiti, kama malkia. Niachieni mimi."

Wacha wapige makofi! Shemeji mkubwa aliinuka akanikumbatia, machozi yanamlengalenga. Nadhani yalikuwa ya kushukuru kwamba jukumu halikumwangukia yeye.

Mke wangu peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Kwa nini tusianze na panga?"

Nilimtazama kwa huruma. Panga!

Kesho yake nikaenda yadi ya matrekta. Muuzaji alikuwa na tai fupi na tabia ya kumwita kila mtu kiongozi.

"Kiongozi, unataka la kulima, la kubeba, au la heshima?"

"La msituni. Dogo."

"Msitu wako una ukubwa gani?"

"Mkubwa," nikajibu. Sijui kwa nini.

Akanipandisha kwenye trekta moja dogo, jembamba, limekaa kimya pembeni. Nikashika usukani, nikakanyaga breki, nikahisi moyo umetulia. Kama ningelinunua palepale, ningekuwa sina cha kuwasimulia.

Lakini mtu makini hanunui kitu cha kwanza alichokiona. Nikarudi nyumbani nikajiunga na kundi la mtandaoni la wapenzi wa matrekta madogo.

Hapo ndipo nilipopotelea.

Mkuu wa kundi alijiita Profesa Klachi. Nikaandika kwa unyenyekevu kwamba natafuta trekta la kijisitu, na nimependa moja lenye nguvu ya farasi kumi na nane.

"Kumi na nane?" akajibu Profesa. "Hilo ni la kubebea maua. Chukua la thelathini."

Mwingine akadakia, "Usimpotoshe ndugu. Thelathini kwenye msitu ni ya nini, anaenda kufyeka au anaenda vitani?"

Wakaanza kutukanana. Nikawa nasoma huku nakula, nasoma huku nafundisha. Mwanafunzi wangu mmoja alipanda tuta bila kupunguza mwendo, na mimi nikamwambia vizuri sana, endelea.

Likaja suala la udongo. Mtu akaniuliza udongo wangu ukoje. Nikachukua kijiko cha jikoni, nikachota nje ya dirisha, nikapiga picha. Wakabishana wiki nzima. Mmoja alishikilia kwamba kile si udongo, ni mbolea iliyokauka. Mke wangu akauliza kijiko kimeenda wapi.

Likaja suala la gia. Kumbe kuna matrekta ya gia, na kuna ya pedali tu: ukikanyaga linakwenda, ukiachia linasimama. Mimi mwalimu wa udereva, niendeshe kitu cha pedali kama cherehani? Nikaandika waraka mrefu wa kutetea gia. Profesa Klachi akausifu. Nilifurahi kuliko siku niliyopata leseni.

Likaja suala la ile fremu ya chuma inayosimama nyuma ya kiti, ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Iwe ya kukunja, au iliyosimama moja kwa moja? Profesa akasema ya kukunja ni ya waoga.

Kila asubuhi nilimkuta mama mkwe amekaa barazani, mikono mapajani.

"Baba, limefika?"

"Bado mama. Sasa hivi tuko kwenye matairi."

"Matairi. Haya baba. Usikimbilie."

Mnaona mama alivyokuwa mstaarabu? Hakuwahi kunisukuma hata siku moja. Nilimsimulia tofauti ya tairi lenye meno na tairi la kawaida, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kweli dunia imeendelea.

Jumapili moja nikapanga viti vya sebuleni kwa mstari. Cha mbele ndicho trekta, cha nyuma ndicho tela. Nikamkalisha mke wangu kwenye tela ili tuone mama ataonaje mbele.

"Naona kisogo chako," akasema.

"Ndiyo, lakini unakiona kwa starehe?"

"Mume wangu, hili dude litapita kwenye miti ya baba?"

"Litapita. Ni dogo."

"Umepima?"

"Nimepima!"

Na sikusema uongo. Nilienda yadi na futi kamba, nikapima urefu, kimo, upana, mpaka bomba la moshi. Nilipima kila kitu kilichokuwa kwenye kijitabu cha trekta. Miti haikuwemo kwenye kijitabu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanabadilika. Mke wangu, ambaye ni fundi wa nguo na hufanyia kazi nyumbani, alianza kuamka mapema, anatoka, anarudi anatiririka jasho, majani kwenye nywele. Nikajua ameanza mazoezi. Nikamsifu. Nikamwambia kiuno kinarudi.

Viganja vyake vikawa vigumu, vina malengelenge. Nikamshauri apunguze kushika mkasi.

Siku moja akaniomba nimjazie upepo tairi la toroli, lile toroli kuukuu la mzee la kubebea mchanga. Nikajaza, kisha nikampa somo refu kuhusu upepo na uzito wa mzigo. Alisikiliza kwa makini kuliko kawaida yake, akauliza mpaka maswali. Nikasema leo mke wangu ameanza kuzijua mashine.

Halafu akashona mto mnene, wa kitambaa cha pazia la zamani.

"Asante sana," nikamwambia. "Hata mimi nilikuwa nawaza kiti cha trekta kitakuwa kigumu."

"Eeh," akasema, akageuka haraka.

Na mama mkwe je? Mama alinawiri! Mashavu yakajaa. Akaanza kuimba akiwa bafuni. Kuna siku niliona mbegu za majani zimenasa kwenye upindo wa gauni lake, nikazipangusa kwa heshima, sikuuliza. Mimi nilijua ni matumaini. Nikaandika kundini: "Ndugu zangu, trekta halijafika na tayari limemponya mgonjwa."

Profesa Klachi alijibu kwamba hiyo ndiyo nguvu ya gia.

Kisha mawingu yakaanza kujikusanya. Nikashtuka. Nikakimbia yadi kulichukua lile dogo jembamba la siku ya kwanza.

"Lilishaondoka, kiongozi," akasema muuzaji. "Alikuja mama mmoja, akalitazama, akalichukua. Lakini wewe si mtu wa lile. Njoo uone saizi yako."

Saizi yangu ilikuwa na nguvu ya farasi thelathini, ndoo kubwa ya chuma mbele, matairi mapana yenye meno, na fremu nyuma ya kiti isiyokunjika. Nilipolipanda nilimwona muuzaji kwa chini, na hilo peke yake lilinimaliza. Nikalichukua.

Ndiyo hiyo siku sasa. Trekta uani, mama hayupo.

Niliingia vyumba vyote. Nikaita. Nikaangalia mpaka chini ya kitanda chake. Mama mwenye chuma kwenye nyonga atakuwa anafanya nini chini ya kitanda? Lakini nikaangalia. Nilikuwa naogopa kwelikweli. Nilijiona nimesimama tena kwenye kikao, safari hii nawaambia mashemeji kwamba mama yao amepotea wakati mimi nasaini karatasi za trekta.

Nikatoka mlango wa jikoni. Hapo nikaona mchirizi wa gurudumu moja kwenye vumbi, unaelekea nyuma.

Nikapanda trekta, nikaufuata.

Mchirizi ulifika kwenye kichaka, na kichaka hakikuwepo. Palikuwa na njia. Njia safi, imefagiliwa, imepinda kushoto kuukwepa mti, imepinda kulia kuukwepa mwingine. Mashina madogo yameng'olewa, mashimo yamefukiwa. Kwenye mtaro pamewekwa ubao.

Nilibaki nimekodoa macho. Muda wote ule sikuwa nimekanyaga huku nyuma hata mara moja. Nilikuwa nasoma kuhusu msitu.

Nikatia gia, nikaingia.

Sikufika mbali. Kwanza fremu ya nyuma ya kiti ilinasa kwenye tawi nene. Nikaongeza moto kidogo, nikasikia mkwaruzo, matairi mapana yakajibana katikati ya miti miwili, moja huku, jingine kule. Nikarudisha nyuma. Meno yakachimba. Kadiri nilivyokanyaga ndivyo lilivyozama, mpaka likatulia hapo, halitoki mbele wala nyuma.

Nikalizima.

Kwenye ule ukimya nikasikia sauti ya mama mkwe, anaongea taratibu, kule chini kijitoni.

Nikashuka, nikatembea.

Alikuwa amekaa ndani ya toroli, juu ya mto wa pazia, mgongo umeegemezwa vizuri, miguu imefunikwa shali. Mbele yake kaburi la mzee, limepaliwa, limepandwa maua pembeni. Mke wangu amekaa chini anapinda nguo ya mteja. Mama alikuwa amenipa mgongo, anazungumza na mumewe.

"Na mkweo bado yuko na matairi," alikuwa anasema. "Usimcheke. Kijana ana moyo. Alitangaza mbele ya watoto wako wote, sasa anaogopa kukosea. Wewe mwenyewe mlango wa choo uliuchagua muda mrefu mpaka wageni wakazoea pazia."

Mke wangu akainua uso, akaniona. Sindano ikabaki hewani.

"Mama," akasema, "baba watoto amefika."

Mama hakugeuka kwa haraka, hawezi. Akasema tu, "Karibu baba. Limefika?"

"Limefika, mama. Limekwama."

"Pole."

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, mmeanza lini kuja huku?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Toka mwezi uliopita. Kila siku ukienda kazini. Leo tumekuja kuaga, si unaona mawingu?"

Nikapiga hesabu hiyo kichwani. Mama alikuwa ameshakaa na mumewe asubuhi nyingi, amemsimulia kila kitu, amemlilia akamaliza. Kama angenisubiri mimi, angekuwa na leo tu. Na leo yenyewe imekwama kati ya miti miwili.

"Sasa mbona kila asubuhi ulikuwa unaniuliza kama limefika?"

Mama akaishika shali, akainyoosha.

"Ningekuuliza nini kingine, mwanangu? Ulisimama mbele ya ukoo mzima, wengine wote wamekaa. Leo nikwambie nimeshafika kwa toroli, uso wako utauweka wapi? Nikaona niwe nauliza tu, ujue bado unangojewa."

Nililia. Nasema wazi, nililia na ovaroli yangu mpya. Mke wangu akanipa kile kitambaa cha mteja nijifutie, halafu akakumbuka ni cha mteja, akaninyang'anya.

Tone la kwanza la mvua likaniangukia shingoni.

"Haya twende," mama akasema. "Leo sukuma wewe."

Nikashika mikono ya toroli. Mimi, mwalimu wa udereva. Hatua ya kwanza tu nikayumba, nusura nimmwage.

"Taratibu baba. Usitazame gurudumu, tazama unakokwenda. Kuna kona mbele, kata mapema. Mapema! Hapo sawa."

Ni maneno yangu ya kila siku kazini, sasa naambiwa mimi. Nikatii kona zote.

Tukafika kwenye trekta.

Limeziba njia nzima. Kushoto mti, kulia mti, katikati dude langu jipya linang'aa kwa mvua. Toroli halina pa kupita. Pembeni ni mizizi na mawe, mtu wa miguu anaweza kupenya, gurudumu haliwezi.

Mke wangu akalitazama trekta. Akanitazama mimi.

Mvua ikakolea.

"Mama," nikasema, "itabidi nikubebe."

Nilipotamka hilo nikataka ardhi inimeze. Huyu ni mama mkwe! Miaka yote tuliyojuana namsalimia nimeinamisha macho, nikimpa kikombe nampa kwa mikono miwili, na sijawahi kukaa kiti kimoja naye. Leo nimbebe mgongoni kama gunia?

"Inama," mama akasema. "Aibu tutaionea nyumbani tukiwa wakavu."

Nikainama. Mke wangu akampandisha. Mikono yake ikanizunguka shingo, naye alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikapenya kati ya miti ya baba mkwe. Ile miti iliyolikataa trekta ilinipisha bila shida yoyote.

Katikati ya njia nikasikia mama anacheka kwenye sikio langu.

"Hili lina nguvu ya farasi wangapi?"

"Mmoja, mama. Na amechoka."

"Ametosha."

Tulifika tumelowa. Mke wangu akambadilisha nguo, akampa chai. Mimi nikakaa jikoni kwa aibu, sijui nianze kumsalimiaje upya.

Jioni shemeji mkubwa akapiga simu. Alikuwa ameona picha yangu na trekta niliyoituma asubuhi kwa ukoo mzima, nikiwa bado na kifua mbele. Simu ikawekwa sauti ya juu.

"Mama! Tumesikia trekta limefika. Limekufikisha kwa baba?"

Nikafumba macho. Ukoo mzima ulikuwa upande wa pili, nawasikia wanahema.

Mama akanitazama. Akaweka kikombe chini.

"Kwa baba yenu nimefika," akasema. "Na mvua ilipotukuta huko, mkwe wangu amenibeba mgongoni mpaka kitandani. Nyinyi niliowazaa mlikuwa wapi?"

Upande wa pili shemeji mdogo, nadhani, alipokea simu nyingine.

Hakuna neno la uongo hapo. Chambueni mtakavyo.

Trekta lilitoka mvua zilipokwisha, tukiwa tumelifungua ndoo na matairi, na hakuna mti hata mmoja uliokatwa. Na bado nasema ni trekta zuri sana, gia zake laini, mwenye shamba la wazi aje tuzungumze.

Ila nawe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemwahidi jambo kubwa, na kila siku uko kwenye simu unalitafutia kifaa bora zaidi, weka simu chini kidogo. Nenda kamuulize anataka kwenda lini. Mimi sikumuuliza mama, na alikuwa anakaa barazani mbele yangu kila asubuhi.